Kutoka Korogwe hata Handeni: Kazi Ikipotea, Mfanyakazi Atashikwa Mkono na Nani?

Ndugu msomaji, siku utakapopita Korogwe, tazama nje dirishani. Katika nchi tambarare chini ya milima ya Usambara utaona mkonge umepandwa kwa mistari iliyonyoka kama askari wa gwaride. Uliza majina ya mashamba: Magunga, Ngombezi, Mwelya, Hale, Magoma. Zamani habari za mashamba ya Tanga zilifika Kigoma, Songea, Njombe na hata Msumbiji, maana huko ndiko walikotoka manamba, waliokuja kukata majani na kutimiza siku zao za kipande.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilifika mizima 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache, nchi yetu ikawa ya kwanza duniani: mwaka 1964 ilitoa katani tani 230,000 hivi. Karibu na wakati wa Uhuru, watu zaidi ya 100,000 walipata mshahara wao katika mkonge.

Kisha ikaja kamba ya plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba ya katani, wakapata kamba ya kiwandani. Bei ya katani ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, lakini soko la dunia halikutii, na uendeshaji nao ukawa na upungufu wake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa kama tani 20,000. Korona nyingi zikanyamaza. Mtu aliyekata mkonge miaka ishirini akabaki kambini bila kazi, bila shamba, na kwao ni mbali.

Basi, je, hasara hiyo ilikuwa yake peke yake? Mkata mkonge hakuwa mvivu, wala panga lake halikuwa butu. Marekani walilitambua jambo hili mwaka 1962, wakatunga sheria ya kuwasaidia kwa fedha na mafunzo wafanyakazi waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Hata hivyo, tangu Julai 2022 mpango wao umefungwa kwa waombaji wapya. Msaada wa namna hii hautunziki wenyewe. Hapana budi watu waudai.

Na kwetu je? Yafaa kila nyumba yenye mtu wa mshahara ijue haya. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa na kushauriana nao au chama chao kwanza. Aliyetimiza mwaka kazini hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hata kufikia miaka 10. Tena, sheria ya mwaka 2018 ilileta fao la kukosa ajira: mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi 18 au zaidi, wala hakuacha kazi kwa hiari yake, aweza kupata theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Lakini asiyeandikishwa hapati kitu. Kwa hiyo uliza leo kama michango yako inapelekwa. Usingoje kufukuzwa.

Miezi sita ni michache. Ndiyo maana Korogwe ina fundisho lingine. Mashamba ya serikali yalipouzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, watu waliokuwa wafanyakazi, pamoja na wanavijiji, waligawiwa ardhi humo humo mashambani. Wakalima mkonge wao, ukasindikwa katika korona za kampuni, na NSSF ikatoa mikopo. Kibarua akawa mkulima. Lakini mkopo ni deni, na deni la wengi lataka hesabu iliyo wazi kwa wote. Ukiwa katika ushirika, soma mizani na daftari kwa macho yako mwenyewe.

Kutoka Korogwe, barabara ya lami ya kilomita 65 hivi yakufikisha Handeni, nchi ya Wazigua, ya mahindi na mifugo, ambako mvua haiaminiki. Mkonge huvumilia jua, na serikali imeuweka katika mazao ya kimkakati. Lakini wangojea miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa, na jani likishakatwa lataka korona iliyo karibu, maana katika tani 100 za majani singa ni tani 4 hivi tu. Kabla ya kung'oa mahindi, uliza: korona iko wapi, na nani atanunua?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu. Ardhi, korona, bei na hesabu safi: hayo manne yakiwapo pamoja, mtu aliyepoteza kazi aweza kusimama tena.