Neno "Kuchoma"

Nilikuwa Gitega nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, mjomba alipowasili kutoka Muyinga kwa njia ya Karuzi, mkononi karatasi ya daktari iliyoandikwa kwa Kifaransa. Kwa miezi mingi alikuwa akiona damu chooni, akanyamaza kwa haya.

"Nisomee, Mwalimu," alisema, "lakini watoto wasisikie."

Katika utumbo wake mpana mlikuwa na kinundu, nayo kansa ilikuwa juu juu tu, haijapenya. Daktari alikusudia kupitisha mpira mwembamba wenye taa katika njia ya haja kubwa, pasipo kupasua tumbo. Kinundu kikatwe kwa waya, na mabaki, ikibidi, yaunguzwe kwa leza. Nami, kwa majivuno ya mwenye stashahada, nikafasiri: "Watakuchoma ndani." Mjomba alikunja karatasi yake, akarudi Muyinga alfajiri.

Wiki sita zikapita. Wiki sita hizo, walimu wenzangu, ni deni langu.

Nilimfuata kwake. Safari hii sikufasiri neno kwa neno. Nilimweleza kwamba leza ni mwanga uliokusanywa ukawa kama uzi, kama ule aliouwasha Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Kwamba utando wa ndani ya utumbo hauhisi kukatwa kama ngozi ihisivyo. Na kwamba waya hupendelewa kwa kuwa kilichokatwa hupimwa kwa darubini, ilhali kilichounguzwa hakiachi cha kupimwa. Hata neno saratani nililifafanua: kwa Kiarabu ni kaa, yule mnyama wa pwani.

"Na kaa huyu bado mdogo?"

"Bado mdogo, mjomba."

Ndipo akaniuliza swali zito: mbona yeye amekula maharage na mihogo maisha yake yote? Maana nilikwisha kumsimulia habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda karibu miaka 20, ambaye mwaka 1971 aliandika kwamba kansa hii ni haba kwa walao vyakula vyenye nyuzinyuzi. Haba, nikamjibu, si kusema haipo.

Alikubali kwenda. Waya ulitosha, leza haikuwashwa. Ameamriwa arudi kuchunguzwa kila wakati ufikapo, naye hurudi.

Juzi alinijia na jirani yake, mzee mwenye karatasi kama ile.

"Msomee," akaniambia, "lakini usimchome."