Fagio Lisilochagua

Usiku wa kuamkia mazishi ya shangazi yangu niliisafisha kompyuta kwa programu ya usafi, ili iende haraka nikiandika wasifu wake. Word ikagoma kufunguka, Excel vilevile. Maandishi yalikuwa salama; zilizofutwa ni kumbukumbu za rejista ya Windows, ambazo Office huzitegemea. Nilirudisha nakala iliyowekwa na programu ile kabla ya kufuta, nikaiwasha kompyuta upya. Word ikafunguka, Excel bado. Nikaingia Paneli Dhibiti, nikachagua Office na kuiamuru ijikarabati. Alfajiri wasifu ulikamilika. Tangu hapo sifuti nisichokijua kazi yake, kwani fagio lisilochagua huzoa taka pamoja na ufunguo wa nyumba.