Jini, Mjeledi na Mahaba: Wasomaji wa Lopur Mbele ya Fantasia ya Giza

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una msamiati mpana wa kuzungumzia dhamira, migogoro, itikadi na usawiri wa wahusika. Msamiati wake wa kuzungumzia raha ya kuogopa ni finyu mno. Tumezoea kuzigawa riwaya katika mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, kisha fungu la pili tukawaachia wasomaji wa mabweni na vituo vya mabasi. Katika insha hii ninakusudia kuzungumzia aina ya masimulizi ambayo mgawanyo huo hauitoshi: masimulizi ya mahaba yaliyochanganyika na ajabu na giza, ambamo anayependwa ama si binadamu, ama ana uwezo wa kumwangamiza anayempenda. Nitayazungumzia kwa kuwafuata wasomaji, hasa wale niliosoma nao huko Lopur, Turkana Magharibi, katika likizo mbili za chuo.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana kwamba mambo haya yameletwa na vitabu vya Kiingereza. Hapana shaka kwamba *Twilight* ya Stephenie Meyer (2005) na riwaya nyingi zilizoifuata zimewafikia vijana wetu. Hata hivyo, mtu wa pwani hakuwangoja wanyonyadamu wa Marekani ndipo amjue jini mahaba, yule ampendaye mwanadamu, akamwonea wivu na kumzuilia ndoa. Huko Lubumbashi, hasa katika miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani walimchora mara nyingi mamba muntu, nusu mwanamke na nusu samaki, ampaye mwanamume utajiri kwa siri ambayo ikivunjwa huleta maangamizi. Filamu za video za Dar es Salaam nazo, kama *Shumileta* ya Mussa Banzi, zimeyafuata mapito hayo hayo. Na kabla ya hizo zote tunaye Shaaban Robert, ambaye *Adili na Nduguze* yake (1952) ilichota kisa katika Alfu Lela u Lela. Tukiyavua majina ya wahusika uzito wake wa kimaadili, tunabaki na nini? Jini wa kike aliyeokolewa na kijana alipokuwa katika umbo la kiumbe anayewindwa. Msichana anayegombewa na ndugu. Jaribio la kuua baharini. Na manyani wawili wanaopigwa mjeledi kila usiku na mtu anayewapenda.

Niliuchagua utungo huo kwa sababu hiyo. Lopur imo katika ukanda wa Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita vya Sudan; baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaanza kupokea watu. Kwa hiyo kikundi kidogo kikiketi kusoma kitabu kimoja, Kiswahili kinachoketi nacho si kimoja. Yupo Mturkana aliyekipata darasani, yupo Mkongo aliyezaliwa nacho Kivu, na yupo Msomali aliyejifunza sokoni. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alituhimiza tuutazame upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao mbele ya kazi. Katika Lopur peo hizo ni nyingi, nazo hukutana chini ya mti mmoja.

Siku za mwanzo wasomaji wangu walinipa majibu ya mtihani. Nilipouliza wameonaje, niliambiwa kwamba mwandishi anakemea husuda na kusifu subira. Jibu hilo ni sahihi, tena majina Hasidi na Mwivu yanalidai. Lakini lilitolewa upesi mno, kama mtu anayelipa nauli kabla hajaulizwa. Ilinipasa kubadili swali: ni wapi ulipoacha kusoma ukavuta pumzi? Hapo ndipo utungo ulipofunguka.

Kijana mmoja wa Kiturkana alisimama penye mjeledi. "Mwalimu," alisema, "mimi sikuwaogopa manyani. Nilimwogopa aliyetoa amri." Kwake Adili ni mateka: ameokolewa na Huria, na kwa kuokolewa amepoteza haki ya kusamehe. Msichana wa Kikongo hakukubali. Aliona kwamba Huria anapenda, ila hapendi kibinadamu. Hujui deni lake litaishia wapi. Akamtaja mamba muntu bila kuulizwa. Msomaji wa tatu, Msomali, hakushangazwa hata kidogo na jini. Kurani ina sura nzima iitwayo kwa jina la majini. Kuwapo kwao kwake si ajabu. Kilichomshangaza ni kwamba wale ndugu walirudishiwa umbo la kibinadamu wakasamehewa.

Maoni hayo ya mwisho yana uzito wa kinadharia. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliifafanua fantasia kuwa ni kule kusita kwa msomaji kati ya maelezo ya kimaumbile na yale yanayopita maumbile. Huko Lopur kusita kulikuwapo, lakini hakukuwa pale Todorov alipokuweka. Walichokisitia ni iwapo huruma inawezekana baada ya bahari na mjeledi. Kwa watu ambao baadhi yao wameshuhudia ndugu wakigeukiana, hilo ndilo jambo la ajabu. Basi tunapoliita andiko fulani fantasia, yatupasa tuseme ni fantasia kwa nani.

Mjadala mkali zaidi uliwahusu wale wapenzi katili wa riwaya za Kiingereza, ambazo mabinti kadhaa walikuwa wakizisoma katika simu na kuzisimulia upya kwa Kiswahili. Mama mmoja wa makamo alizikataa kabisa. Alisema zinamfundisha msichana kuyaita maumivu mapenzi, na kwamba mahali ambapo binti huweza kuozwa bila kuulizwa, somo hilo lina mwalimu wa kutosha. Binti aliyekuwa karibu naye alijibu kwa heshima: "Mama, huyu wa kitabuni namwogopa kwa sababu naweza kumfunga nikalala."

Sijasoma utetezi wa riwaya pendwa ulio mfupi na mzito kuliko huo. Janice Radway, katika utafiti wake wa mwaka 1984 juu ya wanawake wa Marekani wasomao riwaya za mahaba, alionyesha kwamba kule kusoma kwenyewe kuliwapa wakati wao wenyewe, mbali na madai ya nyumba. Binti wa Lopur ameongeza jambo: kitabu humpa hofu yenye kipimo, hofu ambayo mlango wake anaushika mwenyewe. Hata hivyo hoja ya mama haijajibiwa. Mkono unaofunga kitabu hauwezi kufunga kila mlango, na hadithi inayosomwa mara nyingi huacha mazoea.

Kwa maoni yangu, wawili hao hawakuzungumzia jambo moja. Binti alieleza tendo la kusoma. Mama alihukumu mwisho wa hadithi. Mhakiki anahitaji vyote viwili. Yapo masimulizi ya giza ambamo mateso hugeuzwa kuwa mahari ya furaha: kadiri mpenzi alivyo katili, ndivyo mwisho unavyomtukuza. Na yapo yale ambamo giza hutajwa kwa jina lake, na anayeteswa akaachiwa njia ya kutokea. *Adili na Nduguze* imesimama katikati kwa namna ya kufikirisha: inaukomesha mjeledi, lakini kwa rehema ya wenye mamlaka. Wanaopigwa hawana la kufanya ila kungoja. Wasomaji wa Lopur, ambao wengi wao wanajua kungoja ni nini, waliliona hilo kabla yangu.

Idara zetu hufundisha nadharia ya upokezi kwa mifano ya wasomaji wa Ujerumani na Marekani, ilhali wasomaji wetu wenyewe hatujawauliza. Ningependa kuona wanafunzi wa uzamili wakienda Lopur, Lodwar, Kilifi na Bukavu wakiwa na kitabu kimoja na swali lile dogo la pumzi, wakayaandika majibu kama yalivyotamkwa, kwa Kiswahili cha yule aliyeyatamka. Dhamira zitakuwapo, kwani hazijapata kutukimbia. Lakini zitakuja baada ya hofu, na huenda tukagundua kwamba baadhi yake tulizitaja miaka mingi bila kuzisoma.