Redio inasikia, lakini haisikiki

Safari hii sina habari za programu. Nina habari za woki-toki, betri na rezista moja ya shilingi 40. Wale mnaopenda kufungua vitu kwa bisibisi mtanielewa upesi.

Kwanza niwaeleze wageni. Redio za ridhaa ni za watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi yao, bila biashara. Si matangazo kama ya KBC, ni mtu na mtu. Hapa Kenya unahitaji leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, kisha unapewa jina la kuitwa hewani, aghalabu linaloanza na 5Z4. Kutuma mawimbi bila leseni ni kosa kisheria, kwa hivyo usinunue kifaa leo ukaanza kubonyeza kesho.

Aliyenifundisha mambo haya ni mzee mmoja anayeishi Ngong, fundi mstaafu wa simu. Anaishi peke yake. Kila Jumapili saa mbili usiku tunaonana hewani kwenye masafa ya megahezi 145 na kitu, yeye Ngong, mimi juu ya paa la ghorofa yetu South B. Ni kilomita 20 na ushei, na kwa kuwa Ngong iko juu, wati 5 zinatosha. Zamani walikuwa wengi kwenye mazungumzo hayo. Wengine wamefariki, wengine wamehamia WhatsApp. Tumebaki wawili.

Basi Jumapili moja nikaita, kimya. Yeye nilimsikia vizuri sana, akiniita kwa jina langu la hewani mara tatu, nne, kisha akaaga. Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu akanipigia simu, jambo ambalo hapendi.

"Kijana, kama umechoka niambie tu. Sitakasirika."

"Mzee, sijachoka. Mimi nakusikia. Ni wewe usiyenisikia."

"Mimi nasikia kama mtu anataka kusema, halafu anakatizwa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa kazi. Mtu asiposikika kabisa, kosa linaweza kuwa popote. Akisikika kidogo kisha akapotea, tayari una fununu.

Kila niliyemwuliza aliniambia ni antena. Sawa, tuanze hapo. Redio ya mkononi huja na antena fupi ya mpira, na ni kweli kwamba hiyo huwa sehemu dhaifu. Nikakata waya wa sentimita 49, ambao ni karibu robo ya urefu wa wimbi kwenye masafa hayo, nikaulehemu kwenye kiunganishi. Mapokezi yakawa bora zaidi, lakini mzee bado hakunisikia. Hapo antena ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Nikaleta tarakilishi. Kuna kijiti cha USB ambacho kila mpenda elektroniki anapaswa kuwa nacho, chenye chipu iitwayo RTL2832U. Kilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 ikajulikana sana kwamba chipu hiyo inaweza kutoa data ghafi ya mawimbi, na tangu hapo kijiti cha bei nafuu kikawa redio ya kusikilizia karibu masafa yoyote kati ya megahezi 24 na 1700. Programu zake ni za bure. Unaona mawimbi yakichorwa kwenye skrini kama mvua inayoshuka.

Nikakiweka kijiti upande wa pili wa chumba bila antena (wati 5 karibu nacho zinaweza kukiunguza), redio nikaifunga mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, nikabonyeza kitufe cha kuzungumzia. Ukiwa na redio kama hii usiibonyeze kamwe ikiwa haina antena wala mzigo, maana transista ya kutoa nguvu inaweza kuharibika.

Kwenye skrini mstari ukatokea, mnene, mahali pake hasa. Sekunde moja. Mbili. Kisha ukafifia, ukatoweka. Taa nyekundu ya redio ilikuwa bado inawaka! Redio yenyewe ilikuwa inaamini kwamba inatuma.

Nikaishusha nguvu hadi wati 1. Mstari ukakaa imara dakika nzima. Masafa ni yale yale, maikrofoni ile ile, kitufe kile kile. Kilichobadilika ni umeme unaohitajika tu.

Umewahi kuona gari ambalo taa zinawaka, honi inalia, lakini ukizungusha ufunguo starta inagoma? Fundi mzuri hapimi betri gari likiwa limelala. Anakuambia uwashe, naye anapima wakati huo huo. Nikapenyeza nyaya mbili nyembamba kati ya betri na redio, nikazifunga utepe zisigusane, nikaunganisha multimita. Redio ikiwa inasikiliza: volti 8.3, na alama ya betri imejaa. Nikibonyeza kutuma kwa wati 5: volti 6 na chini yake. Kutuma kunataka kama ampea 1.5, kusikiliza ni sehemu ndogo tu ya hizo. Ile alama kwenye kioo inasoma volti za betri iliyopumzika, kwa hivyo itakuonyesha imejaa hata betri ikiwa mgonjwa. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii: mfumo unapita majaribio yote ukiwa na mtumiaji mmoja, wanaingia mia, unalala.

Hiyo betri ilikuja na redio dukani, betri kubwa, imeandikwa 3800 mAh. "Bosi, hii ni orijino kabisa," muuzaji alisema, na hata kibandiko kilikuwa kizuri. Jina la duka silitaji. Betri zenyewe zimejaa mjini.

Nikataka kujua uongo una ukubwa gani. Nikaenda Luthuli nikanunua rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10, ile nyeupe ya kauri. Unaijaza betri, unaifunga rezista, unaandika volti kila dakika tano mpaka zishuke hadi 6, unazidisha ampea kwa saa. Rezista inapata moto, iweke juu ya kigae. Jibu: saa moja na robo, takriban 850 mAh.

Betri ikiwa imeshakufa namna ile, nikaifungua. (Usiige hili bila kujua unachofanya. Lithiamu ikishikana nyaya inawaka moto.) Ndani mlikuwa na seli mbili za 18650, yaani milimita 18 kwa 65, zenye alama za kuchomelewa mara ya kwanza kwingine. Nadhani zilitoka kwenye kipakatalishi cha zamani. Na hapa kuna hesabu ambayo ingemfunga mdomo yeyote dukani: seli mbili zikipangwa moja nyuma ya nyingine, volti zinajumlika, mAh hazijumliki. Seli nzuri ya 18650 kutoka kampuni ya kuaminika kwa kawaida haizidi 3600 mAh hivi. Kwa hivyo 3800 ilikuwa uongo hata seli zingekuwa mpya. Ukiona 9900 kwenye seli ya ukubwa huo, ondoka kimya kimya. Pia ishike mkononi. Seli halisi ina gramu 45 hivi, bandia huwa nyepesi kama imejazwa upepo.

Habari ya bandia haiishii kwenye betri. Kebo za kuunganisha redio na tarakilishi nyingi zina chipu za kuigiza. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ilitoa programu endeshi iliyozima chipu bandia zilizoiga zake, na walioumia ni wanunuzi waliokuwa hawajui chochote. Sikupenda kitendo kile na bado sikipendi. Mwizi ni mwingine, anayepigwa ni mteja.

Betri mpya niliyonunua ni ndogo, imeandikwa 1800 tu, na nilimwomba muuzaji tuipime kwanza kwa redio ikiwa inatuma. Alinuna kidogo, akakubali. Volti 7.9 chini ya mzigo. Nyumbani rezista ikatoa saa mbili na dakika 20, karibu 1700. Huyo ni mtu mkweli, na nimeshamrudia mara mbili.

Jumapili saa mbili nikaita. Mzee akajibu kabla sijamaliza kutaja jina langu, akanisomea ripoti yote ya mawimbi kama kawaida yake, halafu akauliza ile rezista ni ya omu ngapi. Anazo betri tano kabatini na anazishuku zote. Jumamosi nampelekea.