Kijana Anataka Kuonwa

Kwetu Maniema, Kongo, kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na masika yakikolea unaweza kuzimaliza kwa siku mbili, gari likinasa matopeni na wanakijiji wakija na majembe kulichomoa. Ni njia ya zamani ya misafara. Humo mfanyabiashara Tippu Tip alipitisha pembe za ndovu, na watu waliotekwa, kuelekea Ujiji na pwani. Mimi na yaya, ndugu yangu mkubwa, tuliishika mwishoni mwa 2022 kwa gari tuliloligeuza nyumba: godoro nyuma, jiko la makaa, madumu ya maji, unga wa muhogo. Tulitaka kwenda mashariki mpaka fedha zituishie.

Tulipoiacha Kabambare tulikuta bariyeri. Aliyeshika bunduki alikuwa hajaota ndevu. Alitaka faranga, tukampa. Fedha nimezisahau, ila sura yake bado ninayo: kila aliposema neno aligeuka kuwatazama wenzake, kana kwamba anawauliza kama wamemwona.

Desemba tulikuwa Kimana, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Tulilala garini, na alfajiri tukaamshwa na nyimbo. Morani, vijana wapiganaji wa Kimaasai, walikuwa wakiwasili kwa makundi, shuka nyekundu, shanga, miguu ikitimua vumbi. Ilikuwa siku ya Olimpiki ya Wamaasai.

Nilisimama muda mrefu kwenye mchezo wa kuruka. Kamba hufungwa juu, na mrukaji lazima aiguse kwa kichwa, mwili umenyooka kama mwiko. Wenzake huimba kwa koo nzito, naye huruka ndani ya wimbo ule, mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi kamba itikisike. Mmoja alipoigusa, kabla miguu haijatua vizuri, macho yake yalikuwa tayari yanatafuta watu. Nikamkumbuka yule wa bariyeri.

Zamani morani alijipatia jina kwa kumuua simba kwa mkuki. Simba wakapungua. Mwaka 2008 wazee walezi wa morani, menye layiok, waliwaendea wahifadhi wa wanyamapori na kuomba msaada wa kuiondoa desturi hiyo. Wazo lilitoka kwa wazee wenyewe, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyoyaona pale. Badala ya simba yakaja mashindano haya; ya kwanza yalifanyika Desemba 2012, mlezi wake akiwa David Rudisha, Mmaasai aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu ya mita 800 London. Wanaume hushindana kurusha rungu na mkuki, kuruka, na kukimbia mita 200, 800 na 5000. Wasichana nao wana mbio zao.

Nilimwamkia mzee mmoja, nikamuuliza kama vijana walikubali upesi. Akacheka kwa Kiswahili changu cha Maniema, kisha akaniambia kuwa haikuwa rahisi, kwa sababu kijana asiyeua simba aliogopa kwamba wasichana hawatamjua. Wazee hawakuibeza hofu hiyo. Waliitafutia uwanja.

Njiani kurudi niliwaza habari za kwetu. Tuna mto Lualaba, na Wagenya wanaopiga kafi wakiwa wamesimama mtumbwini, kazi ambayo mtu wa bara akiijaribu huangukia majini. Tuna ngoma. Tuna watoto wanaopigana miereka mchangani bila kufundishwa na mtu. Lakini kijana wa miaka kumi na saba Kabambare, akitaka jina, nani amemwandalia mahali pa kulipatia? Bunduki si mila ya mtu yeyote kwetu, Mbangubangu, Mzimba wala Mkusu. Imekaa palipoachwa wazi.

Sisemi kwamba mashindano ya mitumbwi yatanyamazisha silaha. Dhahabu ya Salamabila ina mambo yake, njaa nayo ina yake. Ninachosema ni kwamba nilimwona mtoto amesimama barabarani na bunduki akiomba macho ya wenzake, na umati wa kumtazama akifanya jambo jema haukuwapo.

Wazee wetu wa Kasongo na Kabambare, kiangazi kijacho mvua zikikatika, kaeni na vijana, hata walioingia porini ikiwa watakubali kuja. Waulizeni wanataka tuwatazame wakifanya nini.