Kosa Namba 1

Nilipokwenda fildi kwenye sekondari moja ya Kunduchi, walimu waligundua kwamba najua kompyuta kidogo. Basi matokeo ya kidato cha tatu yakawa mzigo wangu. Nikatengeneza faili la Excel: unaingiza alama, linapiga pointi na kutoa daraja lenyewe. Walimu wakafurahi, kichwa kikanivimba.

Wiki ya pili nikaona kasoro. Faili lilimtafuta mwanafunzi kwa jina, si kwa namba. Majina yakifanana, wa pili anapewa alama za wa kwanza. Nikamwambia mwalimu wa taaluma, "Mwalimu, majina yakifanana tuangalie kwa mkono." Akasema sawa. Yakaishia hapo, sikuandika popote.

Siku ya kuchapa ripoti sote wawili hatukuwepo, akachapa mwalimu mwingine. Juma lililofuata akaja mzee mmoja, mvuvi, na ripoti ya binti yake: pointi 31, daraja la nne. Alishaanza kumtafutia fundi cherehani wa kumfundisha kazi. Tukafukua karatasi za mtihani: pointi 19, daraja la pili.

"Sasa madamu," akaniuliza, "hilo kosa mlikuwa hamlijui?"

Tulilijua. Nikakosa la kusema zaidi ya kumwomba radhi, yeye na binti yake.

Rafiki yangu anayesoma kompyuta ndiye aliyenionyesha wenzetu wanavyofanya. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika hata hapa Tanzania, hitilafu zake huorodheshwa hadharani. Kila moja ina namba, inavyotokea, toleo gani, nani anaishughulikia, imefikia wapi. Mimi nilidhani kuanika makosa ni aibu. Kumbe kosa lililo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye akipanda daladala.

Nikanunua kauntabuku, nikaiweka pembeni ya kompyuta ya ofisi. Kosa namba 1: majina yanayofanana. Nikaeleza linavyotokea na la kufanya kwa sasa. Nilipolirekebisha sikulifuta, niliandika tarehe tu, maana faili la zamani bado lilikuwa kwenye flashi za watu.

Wewe unayejiandaa kwenda fildi, ukiwatengenezea kitu, waachie na daftari lake. Siku naaga, nilikuta kosa namba 4 limeandikwa. Mwandiko haukuwa wangu.