Kompyuta Kongwe Katika Nyumba ya Mawe

Ukiisha kushuka basi kule Mokowe na kuvushwa kwa mashua hadi gati ya Amu, kama wenyewe wauitavyo mji wao, watakaokulaki kwanza ni punda. Punda na mikokoteni ndivyo vinavyobeba karibu kila kitu: mawe, saruji, mitungi ya gesi, na mara mojamoja kompyuta. Ndivyo ilivyofika hii ninayotaka kukusimulia, kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2008. Ilipitishwa Usita wa Mui, ambao ndio njia kuu ya mji, ikaingizwa vichochoroni hadi nyumbani kwa binamu yangu mtaa wa Mkomani.

Mimi nilidhani nimealikwa wali wa nazi na samaki. Kumbe nimeitiwa kazi! "Kaka, mtambo huu unakwama," binamu alinieleza kabla sijamaliza kunawa mikono. Picha husimama kwenye skrini, mshale haujongei, na dawa ni kuuzima kwa nguvu na kuuwasha tena. Fundi mmoja aliyeitwa kabla yangu alishauri kila kilichomo kifutwe na programu ziwekwe upya. Binamu alikataa katakata, na hakukosea. Ndani ya diski mna sauti ya marehemu baba yake, ami yangu, aliyekuwa fundi wa majahazi kijijini Matondoni. Mwaka 2009 alirekodiwa akieleza jinsi jahazi linavyoundwa, tangu kulazwa kwa mkuku hadi mwisho. Nakala ya pili haikuwako.

Basi nawe, kama unayo kompyuta kongwe nyumbani, anzia hapo. Kabla ya kushika bisibisi, hamisha kile ambacho ukikipoteza hukipati tena. Tuliiwasha alfajiri ingali baridi, tukanakili sauti zote kwenye flashi. Ilituchukua dakika 10. Binamu aliifunga flashi hiyo katika pindo la leso yake, na sikumwona akiifungua siku nzima.

Hapo ndipo tulipoanza kuuchunguza ugonjwa. Tulicheza sauti ya marehemu tangu mwanzo. Baada ya dakika 20 hivi, palepale alipokuwa akitaja mataruma, kimya! Binamu alisema faili imeharibika, maana siku zote hukatikia hapo. Tukaiacha ipoe, tukaanzia katikati. Ilivuka mahali pale bila shida, kisha ikakwama tena baada ya dakika zilezile 20. Unaona, msomaji? Kama faili au diski ndiyo mbovu, ingekwama mahali pamoja kila mara, na pengine ungesikia diski ikigonga-gonga. Inayokwama kwa kufuata saa, tena baada ya kuwashwa kwa muda, ishuku joto. Ile inayokwama ovyo, mara asubuhi mara jioni, huenda ni vibao vyake vya kumbukumbu havikukaa sawasawa. Na kama hukwama taa zinapofifia, kwa mfano pampu ya maji inapowashwa, basi tazama umeme. Lamu ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa katika miaka ya 2010, na wazee wengi wa mji bado wana desturi ya kuchomoa kila kitu taa zinapotetemeka. Si desturi mbaya.

Lakini joto lilitoka wapi katika nyumba yenye baridi kiasi kile? Nyumba za Mkomani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene, vyumba vyembamba kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko. Nyumba hizi ni miongoni mwa sababu za mji huu kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mtu hupoa humo hata jua la kaskazi likiwa kali. Kompyuta ya binamu, hata hivyo, ilikuwa imesukumwa ndani ya tundu kubwa la ukutani, ndugu ya zile zidaka za mapambo, mgongo wake umegusa ukuta. Juu yake, kwa heshima, ametandika leso. Hewa ya moto ikitoka nyuma, hugonga ukuta na kurudi ilikotoka.

Tuliichomoa kwenye umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe, tukafungua ubavu. Lo! Vumbi jeupe la chokaa lilikuwa limejaa kati ya mapezi ya alumini yanayopoza prosesa, limeshikana kama ugali mkavu. Hilo ni la chumvi. Chumvi ya hewa ya bahari huanza kuvuta maji unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na kisiwani humo kiwango hicho ni jambo la kila siku. Vumbi la bara hupeperuka, hili linaganda.

Usipulize kwa kinywa, maana mate nayo ni maji. Tulitumia burashi laini ya rangi, huku nikiishika feni kwa kidole isizunguke. Vibao vya kumbukumbu tulivichomoa, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, tukavirudisha hadi vikalia "ta!" Nilitazama pia zile kepasita zisimamazo kama vikopo vidogo, zikivimba vichwa, jua safari ya fundi imewadia. Zetu zilikuwa bapa. Kisanduku cha umeme sikukifungua, nawe usikifungue, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Feni ilikuwa imechoka, tukapata nyingine dukani Langoni kwa bei isiyozidi kitoweo cha siku mbili.

Kompyuta tukaihamishia mezani, shubiri moja kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa bahari. Leso ikaruhusiwa kurudi, ila mtambo ukiwa umezimwa na kupoa tu. Binamu aliguna, akakubali.

Jioni baada ya alasiri tulicheza sauti tangu mwanzo. Dakika 20 zikapita, zikafika 30. Mataruma yakaisha, mzee akaingia kwenye kalafati, akieleza pamba inavyosokotwa na kupigwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Watoto wa binamu, ambao hawakumdiriki babu yao, walikaa sakafuni. Nyuma ya sauti yake punda akalia, punda wa mwaka 2009, na kule nje kichochoroni mwingine akamjibu.